Ini la Mtu Asiyekunywa

Katika lugha ya Kijaluo, isemwayo Kendu Bay na vijiji vyake, neno chuny ni jina la ini, na papo hapo ni jina la moyo na nafsi ya mtu. Mtu akifurahi husema chuny yake imefurahi. Akihuzunika husema chuny yake yauma. Kiswahili nacho hakikukisahau kiungo hiki, maana maneno ya uchungu huitwa maneno ya kukata maini. Wazee wa bara na wa pwani waliona kuwa kitu kikubwa namna hii, kilicholala upande wa kuume chini ya mbavu, hakikosi kuwa na kazi kubwa. Hawakukosea. Lakini mimi, msomaji, nilifika umri wa miaka 34 bila ya kulifikiri ini langu hata siku moja. Ini nililolifikiri lilikuwa la ng'ombe, nalo lilipokuwa sahanini.

Ugonjwa nitakaoueleza hapa ni wa mafuta yajazayo ini la mtu asiyekunywa pombe. Naueleza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba uliniingia mwenyewe, na katika kushindana nao nimejifunza mambo ambayo kijana wa shule aweza kuyatumia kabla hajafika umri wangu. Ya pili ni deni. Nilipata kumdhulumu marehemu mmoja kwa kinywa changu, na deni la namna hiyo halilipiki kwa kunyamaza.

Kendu Bay ni mji mdogo wa zamani kando ya ghuba ya Winam, katika Ziwa Victoria. Waislamu na Wahindi waliokuja na biashara ya ziwa waliacha maduka na misikiti. Wamisionari Waadventista wa Sabato walifika Gendia, karibu na mji, mwaka 1906. Wao waliacha makanisa, shule, hospitali, na katazo la pombe. Kwa hiyo wako watu wengi kwetu, wa dini hii na ile, ambao hawajaionja pombe tangu kuzaliwa kwao. Tena, mwendo mfupi kutoka mjini, karibu na barabara iendayo Homa Bay, liko ziwa dogo la mviringo liitwalo Simbi Nyaima. Maji yake ni ya magadi, rangi yake ni ya kijani, na heroe huja kula humo. Husimuliwa kuwa mahali pale palikuwa kijiji. Usiku mmoja watu walikuwa katika karamu ya pombe, akaja bibi kizee, amechoka, akaomba hifadhi, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimhurumia. Kizee akamwambia atoke kijijini pamoja na watu wake, na alipokwisha kutoka, maji yakakimeza kijiji na karamu yake. Hata jina lenyewe maana yake ni kijiji kilichozama.

Tangu utoto, basi, tulifundishwa habari za pombe mara tatu: na msikiti, na kanisa, na ziwa. Somo lilikuwa jema, nami silikanushi. Pombe huharibu ini, na ye yote asemaye vinginevyo ni mwongo. Kosa letu lilikuwa katika kuligeuza neno hilo kinyume. Tulisema kwamba kwa kuwa pombe huharibu ini, basi kila ini lililoharibika limeharibiwa na pombe. Mwanafunzi wangu wa darasa la sita akiniambia kuwa kwa kuwa kila ng'ombe ana miguu minne, basi kila chenye miguu minne ni ng'ombe, nitamcheka, na meza yangu itamsuta. Lakini watu wazima wa mji mzima walisema hivyo juu ya ugonjwa wa ini, nami nilikuwa mmoja wao.

Mwezi wa Machi mwaka 2023 nilishikwa na maumivu ya kiuno upande wa kushoto. Daktari alidhani ni kijiwe cha figo, akaniandikia nipigwe picha kwa ile mashine itumiayo mawimbi ya sauti, ambayo wengi wenu mmeisikia kwa kuwa hutumiwa kuwatazama watoto tumboni mwa mama zao. Kijiwe hakikuonekana. Mpiga picha alipokisogeza chombo upande wa kulia, alikawia kidogo. "Ini lako linang'aa," akasema. Nilimshukuru, maana nilidhani nimesifiwa. Baadaye ndipo nilipojua kwamba katika picha hizo ini zima huwa na rangi ya kijivu iliyotulia, na lililojaa mafuta huwa jeupe lenye kumetameta, kwa sababu mafuta huyarudisha mawimbi ya sauti kwa wingi.

Karatasi ya majibu nilipewa dirishani, mbele ya safu ndefu ya wagonjwa. Aliyenipa hakuwa daktari. Aliisoma, akalitazama tumbo langu, akasema kwa sauti ya kusikika hata mlangoni, "Mwalimu, punguza chupa." Nikamwambia sinywi. Akatabasamu kama atabasamuye mtu aliyekwisha kulisikia jibu hilo mara nyingi.

Katika safu ile alikuwamo mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja. Habari ilitangulia kufika shuleni kuliko mimi. Siku ya Jumatatu nilikuta juu ya meza yangu, katika chumba cha walimu, pakiti ya peremende zenye harufu kali, za kuficha pumzi. Hapana aliyesema neno. Aliyeiweka simjui hata leo, na nadhani alikusudia wema. Nilizila peremende zote kwa hasira, jambo ambalo, kama utakavyoona, halikulifaa ini langu hata kidogo.

Daktari mwenyewe, nilipomrudia, alinisikiliza. Aliniuliza juu ya pombe mara moja tu, akaliandika jibu langu kama nilivyolitoa. Aliniuliza dawa nilizokuwa nikitumia, na mitishamba pia. Aliagiza damu yangu ipimwe virusi vya homa ya ini, hasa aina ya B, ambayo huwashambulia watu wengi katika Afrika na ambayo yaweza kuliharibu ini polepole kwa miaka mingi. Haikuonekana. Sukari katika damu yangu, hata hivyo, ilikuwa imeanza kupanda. Akanipandisha juu ya mizani: kilo 94. Mimi si mtu mrefu.

Kisha akachukua kalamu akanichorea. Ini la mtu mzima, alisema, lina uzito wa kilo 1 na nusu hivi. Damu iliyopita matumboni na kuchukua chakula haiendi moja kwa moja moyoni. Hupitia kwanza katika ini, kama shehena ipitavyo forodhani kabla ya kuingia mjini. Hapo sukari hugawanywa: ya kutumika sasa huachiliwa, na nyingine huwekwa akiba. Lakini ghala ya akiba hiyo ni ndogo, haipiti gramu 100 kwa mengi. Sukari ikizidi kuja na ghala imejaa, ini hushika kazi nyingine, nayo ni kuigeuza sukari iwe mafuta. Mafuta hayo yapaswa kusafirishwa yakawekwe mahali pengine mwilini, yangoje siku ya njaa. Kwa babu zetu siku hiyo haikukawia kuja. Kwetu sisi wenye mshahara na duka lililo karibu, mwaka hupita isije.

Ghala za mafuta nazo zina mwisho wake. Zikishajaa, hasa zile za tumboni, huanza kuvuja, na mafuta hurudi katika damu yakapelekwa kule kule katika ini. Mwili una mjumbe wake aitwaye insulini, ambaye kazi yake ni kuiamuru sukari iingie katika misuli na mafuta yatulie ghalani. Katika mwili ulionenepa mno mjumbe huyu hupiga kelele asitiiwe. Basi ini hupokea mzigo kwa milango miwili, na haliwezi kutoa upesi kama lipokeavyo. Mafuta yakionekana katika zaidi ya seli 5 kati ya kila seli 100 za ini, matabibu husema ugonjwa umekwisha kuanza.

Nilimwuliza kwa nini sikusikia cho chote. Akanijibu kwamba ini halina neva za maumivu ndani yake. Ngozi nyembamba iliyolifunika ndiyo iumayo, nayo huuma likivimba sana. Mtu aweza kutembea na ugonjwa huu miaka 20 akiwa na uchovu tu, na uchovu huo akausingizia kazi. Wengi, kwa bahati njema, hawapiti hatua hiyo ya kwanza. Lakini wako ambao mafuta huwasha ini kama moto wa pumba, usio na mwali, na kila palipoungua hubaki kovu. Makovu yakiwa mengi ini hukakamaa, likanyong'onyea, lisiweze tena kuisafisha damu. Ndipo macho hugeuka manjano, miguu ikavimba, tumbo likajaa maji, na akili ya mgonjwa ikavurugika. Wengine hushikwa na saratani ya ini. Na mwisho huo, msomaji, huwezi kuutofautisha kwa macho na mwisho wa mlevi. Kovu halina harufu ya pombe wala ya sukari.

Usidhani kuwa nasimulia jambo la watu wachache. Yakadiriwa kuwa watu wazima kadiri ya 3 katika kila 10 duniani wana mafuta ya namna hii katika maini yao. Katika Kenya, uchunguzi uliofanywa nchi nzima mwaka 2015 ulionyesha kuwa watu wazima 27 katika kila 100 walikuwa wamezidi uzito uwafaao, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Si wote hao wenye ugonjwa wa ini, na wako watu wembamba walio nao. Lakini unene wa tumbo na ugonjwa wa sukari ndivyo virafiki vyake vikubwa.

Jambo lililonishangaza kuliko yote nililipata katika kitabu, wala halikuhusu watu. Warumi wa kale walipenda kula ini la bata bukini aliyenoneshwa, na ili walipate ini hilo nono, waliwalisha ndege wao tini. Hawakuwalisha nyama wala mafuta, bali tini, tunda tamu! Hata neno la Kifaransa na la Kiitalia lenye maana ya ini limetokana na neno la Kilatini la tunda hilo. Siku hizi Wafaransa hufanya kazi ile ile, na chakula wawalishacho bata wao ni mahindi. Niliyasoma hayo usiku, na mbele yangu palikuwa na sahani ya ugali niliyokwisha kuimaliza, na kikombe cha chai yenye vijiko vinne vya sukari. Nilifunga kitabu.

Usiku ule ndipo nilipomkumbuka baba yangu mdogo.

Alikuwa na duka sokoni, duka la sukari, sabuni, mafuta ya taa na vinywaji baridi. Alikuwa mtu wa ibada, mpole, mwenye tumbo kubwa lililotangulia mlangoni kabla yake, na watoto tulilipenda kwa sababu lilikuwa dalili ya pesa. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, ijapokuwa aliutaja kama mtu atajavyo mafua. Mwaka 2004, nilipokuwa kidato cha pili, alianza kukonda mikono na uso huku tumbo likizidi kuvimba. Macho yake yakawa manjano. Hospitalini waliyatoa maji tumboni, yakarudi. Waliyatoa tena, yakarudi tena. Wiki za mwisho alimwita mkewe kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Alikufa mwezi wa Agosti, tukiwa katika likizo.

Katika matanga watu walinong'ona. Walisema mzee alikuwa akinywa kwa siri, ya kuwa mtu hafi kifo kile akiwa mkavu. Wengine walisema ndiyo maana alifunga duka mapema. Sisi vijana tulikuwa na shauku ya kujua, na usiku wa pili mimi na binamu zangu wawili tulichukua kurunzi tukaingia chumba cha nyuma cha duka kutafuta chupa. Tulifungua makasha, tukatazama nyuma ya magunia. Hatukukuta chupa ya pombe hata moja. Tulikuta kreti za soda, tupu, zimepangwa mpaka karibu na dari, na zaidi ya hizo hapakuwa na kitu. Unafikiri tulisema nini? Tulisema mzee alikuwa mwerevu wa kuficha. Asubuhi nilimweleza jirani mmoja habari hizo za uwerevu, naye hakuwa mtu wa kuweka neno. Niliambiwa baadaye kwamba habari ile ilimfikia mjane kabla jua halijachwa, na kwamba ilisemwa kuwa imethibitishwa na vijana wa nyumba.

Soda zile alizinywa mwenyewe. Nilimwona mara nyingi, alasiri, joto likiwa kali, akifungua moja baada ya nyingine kwa meno ya kufuli. Chupa moja ya soda ya mililita 300 huwa na sukari ya gramu 30 au zaidi, yaani vijiko 7 au 8 vya chai. Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na kwamba ni heri zaidi isipite gramu 25. Hivyo chupa moja yatosha kuimaliza ile hesabu ya heri, na bado mtu hajanywa chai.

Sithubutu kusema kwamba najua kilichomwua. Hapana aliyeipima damu yake kwa virusi, wala hapana aliyekata kipande cha ini lake akakitazama kwa hadubini. Pengine ilikuwa homa ya ini aina ya B. Nasema tu kwamba ushahidi tuliokwenda kuutafuta kwa kurunzi ulikuwa umepangwa mbele yetu mpaka darini, tukaupita.

Sasa nitakueleza tulivyolishughulikia ini langu, nami nitasema lile nililolifanya, si lile lipendezalo kuandikwa. Daktari hakunipa dawa ya ini. Alinipa hesabu. Mgonjwa akipunguza uzito wake kwa 5 katika 100, mafuta ya ini hupungua. Akipunguza 7 mpaka 10 katika 100, uvimbe nao hutulia. Akifika 10 au kupita, hata makovu yaweza kuanza kufutika. Hiyo ndiyo sifa ya ini, kwamba husamehe, maadamu halijakakamaa. Kwangu mimi hesabu ilikuwa kilo 7 mpaka 9. Alinionya nisizitoe kwa pupa, kwa kuwa kufunga kula kwa ghafula na kukonda upesi mno huweza kuliudhi ini zaidi.

Nilianza na miguu. Kutoka nyumbani hata shuleni ni kilomita 4, nami kwa miaka mitano nilikuwa nimechukuliwa na pikipiki kwenda na kurudi, kana kwamba mimi ni gunia. Misuli itembeayo huila sukari bila ya kungoja sana amri ya insulini, na faida hiyo hupatikana hata kabla mizani haijasema neno. Shauri la matabibu ni dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki. Nilishuka pikipiki asubuhi tu, jioni nikaendelea kupanda. Wiki ya kwanza nilifika darasani nikiwa nimelowa jasho, na wanafunzi walinionea huruma. Jumapili jioni nilikwenda kulizunguka ziwa la Simbi kwa miguu, juu ya ukingo wake, peke yangu kwa kuona haya, kisha na mwalimu mwenzangu mwenye ugonjwa wa sukari aliyeniomba tufuatane.

Chakula kilikuwa na ugomvi mdogo kuliko nilivyoogopa. Ghuba yetu ina samaki, na mashamba yetu yana mnavu, mgagani, kunde na mlenda, mboga ambazo mama zetu walizijua kabla ya kabichi. Sikuacha ugali. Niliupunguza ukawa nusu ya ule wa kwanza, nikaongeza mboga mahali ulipotoka, na mara kwa mara ukasongwa kwa mtama. Samaki tuliacha kumzamisha katika mafuta, tukamchemsha kwa nyanya. Mandazi ya saa nne nilishindwa kuyaacha kwa miezi mitatu, kisha nikayaacha, kisha nikayarudia wakati wa mitihani, kisha nikayaacha tena.

Ugomvi mkubwa ulikuwa chai na soda. Si kwa ulimi wangu, maana ulimi husahau utamu katika wiki tatu au nne, bali kwa heshima. Kwetu mgeni hupewa soda, na mwenyeji aliyetuma mtoto dukani kwa pesa zake za mwisho hafurahi chupa ikirudishwa haijafunguliwa. Ukisema huweki sukari katika chai, wataulizana kama umewadharau au umewaogopa. Kijiji cha Simbi kilizama kwa kumnyima mgeni. Mimi nilikuwa mgeni mwenye kuwanyima wenyeji wangu. Nilijaribu kusema uongo kwamba nimekunywa njiani. Mwisho nilichoka na uongo, nikasema, "Nina mafuta katika ini, nami sinywi pombe." Katika nyumba moja palitokea kimya. Kisha mwenye nyumba akaniuliza, kwa sauti ya chini, jina la mashine ile ya picha.

Majirani waliniletea pia mizizi michungu ya kusafisha ini. Niliwashukuru na sikuinywa. Ini ndilo liondoalo sumu mwilini, na dawa isiyojulikana kipimo chake hupita katika ini lile lile tulitakalo lipumzike. Ziko baadhi za mitishamba zilizopata kuwaua watu kwa njia hiyo. Juu ya kahawa, yaonekana katika tafiti nyingi kwamba wainywao hupatwa na makovu ya ini kwa uchache kuliko wasioinywa. Katika kanisa letu hatunywi kahawa, nami sikuianza. Nalisema hili ili usinidhanie kuwa nimechagua yale tu yaliyonipendeza.

Jina la ugonjwa lina habari yake. Mwaka 1980 daktari Jurgen Ludwig na wenzake, wa Mayo Clinic huko Marekani, waliandika habari za wagonjwa 20 ambao maini yao yalifanana na ya walevi, nao hawakuwa walevi. Hawakujua jina la kuuita ugonjwa huo, wakauita kwa kitu kisichokuwapo: uvimbe wa ini lenye mafuta usio wa pombe. Fikiri jinsi jina hilo lilivyowaelemea wagonjwa. Ni kama kumtambulisha mtu kwa wageni ukisema, "Huyu siye mwizi." Mwezi wa Juni mwaka 2023, miezi mitatu baada ya karatasi yangu kusomwa dirishani, vyama vya madaktari wa ini vya nchi nyingi vilikubaliana kulibadili jina, sababu moja ikiwa ni aibu waliyokuwa wakiibeba wagonjwa. Sasa hutajwa kwa asili yake, yaani kuharibika kwa kazi ya mwili ya kutumia chakula. Mwezi wa Machi mwaka 2024 Marekani iliruhusu dawa ya kwanza iliyokusudiwa hasa kwa wagonjwa wenye makovu, iitwayo resmetiromu, nayo hutolewa pamoja na ulaji mwema na mazoezi, wala haikuwekwa mahali pa mambo hayo.

Mwezi huo huo nilirudi kupimwa. Mizani ilisema kilo 86. Sukari ya damu ilikuwa imeshuka mahali pake, na mpiga picha, yule yule, alisema kwamba ini limefifia. Safari hii nilijua nimesifiwa.

Jumapili iliyofuata, badala ya kwenda Simbi, nilikwenda kwa mjane wa baba yangu mdogo. Ni mzee sasa, macho yake si mazuri, lakini huitambua hatua ya mtu kabla hajabisha hodi. Aliniambia nimekonda, akaniuliza kama naumwa. Nikamweleza yote: picha, dirisha, peremende, tini za Warumi, na kilo 8. Kisha nikamweleza habari ya kurunzi na kreti za soda, na kwamba kijana aliyempa jirani maneno yale nilikuwa mimi. Nikasema kwamba sijui kwa hakika kilichomwua mumewe, lakini najua sasa kwamba mtu aweza kufa kifo kile bila ya kuionja pombe, na kwamba hatukuwa na haki ya kusema tuliyoyasema.

Hakunijibu upesi. Alikuwa akichambua mchele, akaendelea kuuchambua kwa vidole, akizitafuta chenga asizoziona.

"Hata mimi nilizitafuta," akasema. "Kabla yenu. Akiwa hai, amelala kitandani, nilizitafuta chini ya kitanda chake."

Akauweka ungo chini, akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikasema nitakunywa. Akaimimina, akanipa kikombe changu, na bakuli ya sukari akaisogeza, akaifunika kwa kawa.